Buti la Mbele la Karavani: Mizani Ilisoma Sawa, Mkia Ukaendelea Kuyumba

Karavani yenyewe, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ni ya ekseli mbili, mwili wake una urefu wa zaidi ya mita saba, na imeruhusiwa kufika kilo 3,000 ikiwa na mzigo wote. Ikiwa tupu ina kilo 2,350. Inavutwa na pikapu ya kabini mbili. Wenyewe ni familia ya watu wanne, waangalifu, wanaokagua tairi kabla ya kuondoka na hawana haraka barabarani. Walikuwa na malalamiko mawili, na la pili lilizaliwa na la kwanza. Safari za mwanzo pikapu ililala nyuma, taa zikamulika juu ya miti na usukani ukawa mwepesi kupita kawaida. Wakapanga mizigo upya. Pikapu ikakaa sawa, lakini karavani ikaanza kuyumba kila lori lilipoipita mteremkoni.

"Fundi," baba mwenye gari aliniuliza, "mizani inasema sawa. Mbona bado inayumba?"

Nilianza na buti la mbele, kwa sababu matatizo ya aina hii mara nyingi huanzia humo. Ni ule uwazi mpana ulio chini ya kitanda cha mbele, unaopenya kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, wenye mlango kila upande. Kupakia humo ni rahisi mno. Mtu hapandi ngazi wala hasogezi fanicha, anafungua mlango na kusukuma. Nguo na mito haviwekwi humo. Huingia chuma, betri, mafuta, na kila kilicho kichafu na kizito. Ukubwa wake unadanganya, maana macho hupima nafasi ilhali mipaka yake halisi ni ya kilo, tena ni mipaka mitatu: sakafu ya buti inaweza kubeba kiasi gani, tufe la kuvutia, lile la chuma nyuma ya gari linaloshika karavani, limeruhusiwa kupokea kiasi gani, na gari linalovuta linaweza kubebeshwa kiasi gani. Ukiuvuka mmoja, kutimiza miwili iliyobaki hakusaidii kitu.

Kilichokuwamo

Tulipima kila kitu kwa mizani ya bafuni. Jenereta na sanduku la spana vilikuwa vimeshahamishiwa nyuma wakati huo, lakini navihesabu hapa kwa kuwa ndimo vilimoanzia. Jenereta ya petroli, kilo 48. Sanduku la chuma la spana, 37. Betri mbili za ziada za asidi, 29 kila moja. Jeki, vigingi na mbao za kusawazishia, 22. Masufuria na vikaango vya chuma cha kusubu, 19. Mipira ya maji na nyaya za umeme, 18. Meza na viti vya kukunja, 26.

Jumla ni kilo 228. Mwenyewe alikuwa amekisia mia moja na ishirini hivi, na si kwamba ni mzembe. Vitu hivyo viliingia kimoja kimoja, kila kimoja kwa sababu yake nzuri, na hapakuwa na siku ambayo mikono yake ilivibeba vyote kwa pamoja.

Hesabu ya shingo

Shingo ni ile fremu ya pembetatu inayotoka mbele ya karavani hadi kwenye kichwa kinachofunika tufe. Katika karavani hii, kutoka katikati ya ekseli mbili hadi kwenye tufe ni mita 5. Kutoka hapo katikati ya ekseli hadi katikati ya buti ni mita 3.5. Gawanya 3.5 kwa 5 upate 0.7. Maana yake ni kwamba kila kilo moja inayowekwa butini inapeleka gramu 700 kwenye tufe, na gramu 300 tu ndizo zinazobebwa na magurudumu ya karavani. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaamini kwamba mzigo ukishaingia ndani ya karavani, ekseli za karavani ndizo zinazoubeba.

Kilo 228 mara 0.7 ni kilo 160. Karavani ikiwa tupu, shingo ilikuwa na kilo 260. Mitungi miwili ya gesi juu ya shingo, kilo 17 kila mmoja ukiwa umejaa, imekaa mita 4.4 mbele ya ekseli, kwa hiyo inaongeza 30. Kwenye karatasi tunapata 450. Tuliporudisha kila kitu mahali pake pa mwanzo na kupima, mizani ilitoa 445. Tofauti hiyo ndogo ilitokana na nguo na vyombo vya ndani, kama kilo 150, vilivyoelemea kidogo nyuma ya ekseli. Karavani nzima ilikuwa na kilo 2,760 hivi, kwa hiyo shingo ilibeba asilimia 16 ya uzito wote.

Kwa karavani ndefu za aina hii, kiwango kinachofuatwa Marekani ni asilimia 10 hadi 15. Ulaya hutumia kiwango cha chini zaidi, kwa karavani nyepesi na magari madogo. Lakini asilimia ni mwongozo tu, na kibati cha tufe, kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa kulikandamiza, ndicho chenye amri. Kibati cha pikapu hii kinasema 350. Walikuwa wamezidisha kilo 95. Tena uzito wa shingoni ni mzigo wa gari sawasawa na abiria wake. Pikapu imeruhusiwa kubeba kilo 650, na shingo ya 445 pamoja na watu wanne wenye kilo 230 ni 675.

Ndiyo maana usukani ulikuwa mwepesi. Uzito uliokandamiza nyuma ya pikapu uliinua pua yake, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoongoza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, yakapungukiwa na mshiko. Walikuwa na vyuma vya springi vya kugawa uzito kwenye kiungo cha kuvutia, na walichofanya ni kuvikaza zaidi mpaka pikapu ikakaa sawa. Vyuma hivyo ni vizuri na ninavipendekeza, lakini kazi yake ni kugawa mzigo halali. Kilo zilizozidi hazikuondoka, ila zilijificha machoni.

Niseme kidogo namna ya kupima, kwa sababu si lazima kwenda mbali. Chukua bao nene, ulilaze juu ya egemeo mwisho mmoja na juu ya mizani ya bafuni mwisho wa pili, umbali wa sentimita 120 kati yake. Kichwa cha shingo kisimame juu ya bao, sentimita 30 kutoka kwenye egemeo. Mizani itasoma robo ya uzito wa shingoni, nawe utazidisha mara nne baada ya kutoa namba ambayo mizani ilisoma kwa bao peke yake. Magurudumu yawekewe vizuizi, karavani isimame kwenye usawa, na kichwa kiwe kwenye kimo kile kile kinachokuwa wakati wa kuvutwa. Kimo kikibadilika, namba nayo hubadilika. Anayeipata mizani ya magari apime gari peke yake, kisha alipime likiwa limeunganishwa huku magurudumu ya karavani yakibaki nje ya mizani na vyuma vya springi vimelegezwa. Tofauti ndiyo uzito wa shingoni.

Marekebisho yaliyoleta kuyumba

Baba mwenye gari aliposhauriwa kwamba mbele kumezidi, alifanya jambo linaloonekana la busara. Alifunga rafu ya chuma kwenye bampa ya nyuma ya karavani, akapeleka huko jenereta na sanduku la spana, kilo 85. Bampa iko mita 3.6 nyuma ya ekseli. Kuziondoa butini kulipunguza shingo kwa kilo 60, na kuziweka nyuma kulipunguza 61 nyingine, kwa kuwa mzigo ulio nyuma ya ekseli huinua pua. Shingo ikashuka hadi 324. Hiyo ni asilimia 11.7, katikati ya kiwango na chini ya kibati cha 350. Alikuwa na haki ya kusema mizani inasema sawa.

Mizani ile hujibu swali moja tu: pua inakandamiza kiasi gani? Haiwezi kukuambia uzito umekaa wapi. Kilo 85 mwisho wa nyuma na kilo 143 zilizobaki mbele zinapunguziana kwenye mizani, lakini karavani inapoanza kupepesuka hazipunguziani tena, zinajumlishwa. Mchukuzi wa mzega akigeuka ghafla, mizigo ya ncha mbili humvuta aendelee kugeuka hata akitaka kusimama. Ndivyo karavani hii ilivyokuwa.

Hili nalo lina hesabu yake. Ukaidi wa mzigo kwenye kugeuka ni uzito mara umbali mara umbali tena. Kilo 143 kwenye mita 3.5 zinatoa 1,750. Kilo 85 kwenye mita 3.6 zinatoa 1,100. Jumla 2,850. Kilo hizo 85 zingewekwa nusu mita kutoka kwenye ekseli, mchango wake ungekuwa 21. Umbali ndio unaoua, kwa sababu unahesabiwa mara mbili.

Kwa haki, ukaidi wa karibu kiasi hicho ulikuwepo tangu mwanzo, sanduku na jenereta vilipokuwa mbele. Wakati ule shingo nzito iliuzuia, kwa gharama ya kuiumiza pikapu. Shingo ilipopunguzwa hadi 324 bila kupunguza mzigo wa mbali na ekseli, kizuizi kikaondoka na ukaidi ukabaki. Upepo wa lori ukisukuma ubavu, mkia unaondoka, unarudi, unapitiliza. Mteremko unaongeza mwendo, na kadiri mwendo unavyopanda ndivyo kuyumba kunavyochelewa kufa kwenyewe.

Niliwaambia pia la kufanya ikiwatokea, maana si jambo la kusubiri fundi: toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka bila kuufukuza mkia, na kama gari lina kishikio cha breki za karavani, kivute taratibu. Breki ya gari isikanyagwe ghafla, na kuongeza mafuta ili "kuinyoosha" ni hatari.

Bampa yenyewe ilinitisha kuliko kuyumba. Ni bomba jembamba la pembe nne lililochomelewa kwenye chesi, na katika karavani nyingi huwekwa kwa ajili ya kuhifadhi mpira wa majitaka tu. Nilipofuta vumbi kwenye pembe ya uchomeleaji, upande wa kulia, rangi ilikuwa imepasuka kwa mstari mwembamba kama uzi, na kutu imeanza kuchungulia ndani ya mstari huo. Kilo 85 zinazorukaruka huko nyuma, juu ya tundu la kwanza kubwa barabarani, zingeweza kuishia mbele ya gari la mtu mwingine. Rafu ilitoka siku hiyo hiyo.

Sakafu na ukuta wa butini

Buti lilipokuwa tupu, niliingiza kichwa na tochi. Sakafu ni plaiwudi nyembamba, ya milimita kumi hivi, iliyolazwa juu ya vyuma vilivyokingama kila baada ya sentimita 80. Katikati ya vyuma viwili, mahali lilipokaa sanduku la spana, plaiwudi ilikuwa imebonyea kwa kina cha kidole. Miguu minne ya jenereta ilikuwa imechora vishimo vyake. Karibu na mlango wa kulia mbao ilikuwa laini ukiibonyeza kwa kucha, kwani mpira wa mlango ulikuwa umechoka na maji yanapita. Plaiwudi iliyolowa haina nguvu ya kuhesabika.

Pete za kufungia mikanda zilikuwepo, nne, zimekazwa kwa skrubu fupi za mbao. Mbili zilikuwa zimeng'oka na vipande vya mbao vimeng'ang'ania kwenye nyuzi za skrubu. Kanuni za kufunga mizigo ya malori, Ulaya na Marekani, hutaka kifungo kihimili nguvu ya kwenda mbele ya asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa ubavuni na nyuma. Karavani ya familia haikaguliwi kama lori, lakini breki za ghafla hazijui tofauti hiyo. Sanduku la kilo 37 linahitaji kifungo cha kilo 30 za kuvuta kwenda mbele, mara kwa mara, pamoja na kurukaruka. Skrubu fupi ndani ya plaiwudi nyembamba haiwezi kazi hiyo.

Nilichokiona ukutani ndicho kilichonifanya nimwite mwenyewe aje aone kwa macho yake. Ukuta wa nyuma wa buti ndimo zilimopita nyaya za umeme wa betri na bomba la maji, wazi, bila kifuniko. Pembe ya sanduku la chuma, katika kusogea kwake huku na huku, ilikuwa imekwangua ganda la waya mnene mwekundu mpaka shaba ikang'aa, upana wa kucha ya kidole kidogo. Chuma kikigusa hapo na kugusa fremu, ni shoti. Na kwenye buti hilo hilo lililofungwa ilikaa jenereta yenye petroli ndani ya tangi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, na matundu ya kupitishia nyaya yaliuruhusu kupenya hadi chini ya godoro la watoto. Betri za asidi zinapochajiwa nazo hutoa haidrojeni. Cheche moja ingetosha.

Kwa hili sina mjadala na mtu yeyote. Petroli haikai kwenye buti la karavani, hata kama jenereta imezimwa, hata kama kifuniko kimekazwa. Mitungi ya gesi nayo ibaki nje shingoni, wima, na isilazwe butini "kwa safari hii tu".

Kilichobaki ni ulinganifu wa uzito wa kushoto na kulia. Mlango wa kulia ndio unaotumika zaidi, kwa hiyo vizito vyote viliishia upande huo. Mpangilio ule wa mwanzo uliweka kilo 1,210 kwenye magurudumu ya kulia na 1,107 kwenye ya kushoto. Tairi za kulia zilionyesha hivyo pia.

Tulivyopanga upya

Betri mbili za asidi zilitolewa. Betri ya asidi haitakiwi kuchotwa zaidi ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo mbili za saa-ampia 100 (kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi) zinatoa kama 100 za kutumika. Betri moja ya lithiamu ya saa-ampia 100 inatoa karibu kiasi hicho kwa kilo 12. Iliwekwa ndani, chini ya benchi lililo juu ya ekseli, na fyuzi yake karibu na ncha chanya. Chaja ilibidi ibadilishwe iendane nayo. Ni gharama, lakini kilo 46 ziliondoka.

Sanduku la spana lilifunguliwa kwenye turubai na kila kifaa kikaulizwa kazi yake njiani. Kilo 14 zikabaki, kwenye mifuko miwili ya turubai isiyo na pembe. Masufuria ya chuma yalikwenda kabati la chini jikoni, karibu kabisa na ekseli. Meza na viti vinalazwa sakafuni ndani, juu ya ekseli, na kufungwa wakati wa safari. Jenereta ilikwenda kwenye bodi ya pikapu, nje penye hewa, imesimama wima na kufungwa mbele karibu na kabini.

Butini zikabaki kilo 54: jeki na mbao, mipira na nyaya, mifuko ya spana. Shingo ilisoma 325. Karavani nzima ilikuwa kilo 2,645, kwa hiyo ni asilimia 12.3. Pikapu inabeba 325 za shingo, 48 za jenereta na 230 za watu, jumla 603 kati ya 650.

Angalia namba hizo mbili: 324 wakati karavani inayumba, 325 ilipotulia. Kwenye tufe ni kitu kimoja. Lakini ukaidi wa mzigo wa ncha mbili ulikuwa 2,850, na sasa ni 660.

Sakafu iliyooza ilikatwa na kuwekwa mpya, mpira wa mlango ukabadilishwa, kisha juu yake ukalazwa ubao wa plaiwudi wa milimita 18 unaokanyaga vyuma vitatu kwa mpigo, ili uzito ushukie chumani badala ya kuning'inia katikati. Reli za alumini za kufungia zilikazwa kwa bolti zinazopenya hadi chini, zikiwa na bamba za chuma upande wa pili. Sikutoboa kingo za juu wala za chini za chesi, kwani tundu mahali hapo huidhoofisha. Nilitumia vibano. Waya uliokwanguliwa ulibadilishwa wote, na ukuta ukapata kifuniko cha mbao kinachokinga nyaya na bomba. Juu ya ubao ni mkeka wa mpira unaozuia kuteleza, jeki imelala katikati na vingine vimegawanywa kulia na kushoto.

Barua yao ya mwisho inasema kwamba lori likipita, karavani inasukumwa mara moja na kurudi mahali pake. Sivyo kwamba haisikii upepo tena, na sikuwaahidi hivyo.

Yaliyobaki

Bampa bado inangoja kuchomelewa upya, na hata ikishakamilika haitabebeshwa kitu. Tangi la maji safi la lita 120 liko sentimita 80 nyuma ya ekseli, kwa hiyo wakisafiri nalo likiwa limejaa shingo inashuka kwa kilo 19, hadi kama asilimia 11. Bado inakubalika, ila sitaki ishuke zaidi. Ndani ya mlango wa buti nimebandika kikaratasi chenye kikomo cha kilo 60. Kwa hesabu ya tufe peke yake ningeweza kuwapa 90, lakini ningekuwa nimekula akiba yote.

Sasa wameniuliza kuhusu boti ya kupuliza yenye kilo 31 wanayotaka kununua, ambayo kwa ukubwa inaingia butini vizuri. Ingepeleka kilo 22 kwenye tufe na kuifikisha shingo 347, yaani kilo tatu tu chini ya kibati, na sakafu ingebeba 85 badala ya 54. Nimewajibu isiwekwe humo. Ilazwe ndani juu ya ekseli pamoja na viti, ifungwe, kisha wapime tena shingo na magurudumu ya pande zote mbili kabla ya kuingia barabara kuu.